Bustani ya Uani na Faraja ya Nafsi

Imekuwa dhana ya watu wengi kwamba aliyechoka hana dawa ila kukaa kitako, na dhana hiyo ni sahihi kwa mchukuzi aliyeshinda bandarini akibeba magunia, au kwa mama aliyetwanga na kuchota maji tangu alfajiri. Lakini kwa karani aliyekaa mchana kutwa mbele ya hesabu za watu wengine, kwa mwalimu aliyesahihisha madaftari hata macho yakaingia ukungu, kwa mwuguzi ambaye viungo vyake vi salama ilhali moyo wake umelemewa na vilio vya wodini, kumwambia akae tena ni kumwongezea maradhi yale yale aliyokuja nayo. Hurejea nyumbani jioni, akajitupa kitini, akashika simu yake, na kwa muda wa saa mbili au tatu mwili huwa umetulia na fikira zinakimbia, zikitoka katika msiba wa huyu kwenda katika harusi ya yule, na kutoka harusini kwenda katika fitina za siasa, hata akienda kulala hajui amechoshwa na nini. Mtu wa namna hii amekwisha kukaa vya kutosha. Anachohitaji ni kazi nyingine, iliyo ndogo, isiyo na bwana wala mshahara, yenye kuishughulisha mikono na kuipa akili nafasi ya kutua. Na katika kazi za namna hiyo sijaona iliyo rahisi kupatikana, wala iliyo ya asili zaidi katika mwambao wetu, kuliko bustani ya uani.

Nasema bustani ya uani, sisemi shamba. Shaaban Robert alipomwumba Utubora, mtu aliyeacha kazi ya kalamu akashika jembe, alimpeleka shamba hasa, na kitabu cha Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi mwenyewe kufariki, kimewatia wasomaji wengi hamu ya kuhama mji. Hamu hiyo ni njema, walakini aghalabu haikidhiki: ardhi ina bei, watoto wana shule, na mkulima wa kweli ana dhiki zake za mvua, nguruwe na soko, ambazo hazimpi nafasi ya kuituliza nafsi ya mtu yeyote, seuze ya kwake. Bustani ninayoikusudia mimi haimtaki mtu ahame, wala haimlishi yeye na jamaa zake. Huweza kuwa tuta moja la upana wa mkeka chini ya dirisha la jiko, au makopo ya samli yaliyotobolewa matako na kupangwa juu ya sakafu ya saruji, au vyungu vichache katika kibaraza cha ghorofa ya tatu huko Kariakoo, ambako jua huingia asubuhi peke yake na maji hupanda kwa ndoo.

Wazee wetu waliijua bustani ya namna hii bila ya kuifanyia kitabu. Nyumba kongwe za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa zikiipa njia mgongo, kuta zake nene za matumbawe na chokaa zikamficha aliyemo na macho ya apitaye, na katikati yake, au nyuma, palibakizwa nafasi iliyo wazi kwa mbingu, ambayo watu wa Lamu huiita kiwanda na wengine huiita ua, ambapo upepo ulishuka na mwangaza ukaingia. Hapo palipikwa, palifuliwa, palisukwa nywele na mikeka. Na hapo, katika kila pembe iliyosalia, palipandwa asumini, mrehani, mkadi, mhina, mchaichai, mlimau wa achari, na kwa wenye nafasi kubwa zaidi mkomamanga au mlangilangi. Ukiyatazama majina hayo kwa makini utaona jambo ambalo wapambaji wa siku hizi, wenye kununua nyasi za kukatwa kwa mashine na maua makubwa yasiyo na harufu, wamelisahau: aghalabu ya mimea hiyo ilipandwa kwa ajili ya pua ya wenye nyumba, na macho ya wageni yalikuja baadaye. Nami naona wazee walifanya insafu katika uchaguzi huo, kwa maana macho ya mtu wa mjini yamekwisha kuchoshwa na mengi, ilhali pua yake imeachwa na moshi na harufu ya mitaro, na huwa imepungukiwa.

Katika mimea yote hiyo asumini ndiyo mwalimu. Asubuhi kichaka chake hakina la kumwonyesha mtu, isipokuwa majani ya kijani yaliyong'aa na maua ya jana yaliyosinyaa yakageuka rangi. Lakini ikiingia alasiri, jua likiwa limelegea, matumba ya usiku ule huanza kujitenga na wenzake, na mwenye mazoea huyatambua kwa weupe wake na kwa kuvimba kidogo nchani, hali yale ya kesho bado yana ukijani shingoni. Huchumwa moja moja, kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, pamoja na kikonyo chake kifupi, bila ya kulivuta tawi. Hutiwa katika sahani, hunyunyiziwa maji machache, kisha hutungwa kwa sindano na uzi, au huchanganywa na majani ya mrehani na vipande vya mkadi yakawa vikuba vya kutiwa kifuani au katika nywele. Ikisha Magharibi, yale matumba yaliyofungika hufunguka yenyewe, hapo yalipo, katika nywele za aliyeyavaa au juu ya mto wa kulalia, na chumba kizima kikapata habari. Kazi hii haifanyiki kwa haraka, kwani anayekwenda mbio huchuma ya kesho pamoja na ya leo; wala haifanyiki na simu mkononi, kwani mikono miwili yote ina shughuli; wala haiahirishwi, kwani tumba lisilochumwa leo kesho ni takataka. Nusu saa ya namna hiyo kila siku, kati ya Alasiri na Magharibi, ambayo aliye nayo haiiti tiba wala mazoezi, imewapitisha wanawake wengi wa mwambao katika miaka ambayo mimi nikiifikiri sijui ningeipitaje.

Msomaji wa siku hizi hupenda kuambiwa wataalamu wanasemaje, na hakuna ubaya wa kumkidhia haja yake. Mwaka 1984 Roger Ulrich, mtaalamu wa Marekani, alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kutolewa kibofu cha nyongo kati ya mwaka 1972 na 1981: wagonjwa 23 walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalielekea miti, na wenzao 23, waliolinganishwa nao kwa umri na kwa mambo mengine, walielekea ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema kidogo, yaani baada ya siku zipatazo 8 badala ya karibu 9, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Na mwaka 2011 Agnes van den Berg na Mariëtte Custers wa Uholanzi walieleza jaribio walilolifanya kwa watu 30 wenye vibustani vyao, ambao kwanza walipewa mtihani wa kuwatia kiwewe, kisha baadhi yao wakaenda kufanya kazi bustanini kwa dakika 30 na wengine wakaketi ndani wakasoma. Kotisoli, ambayo ni homoni itokayo mwilini mtu awapo na wahaka, ilipungua kwa wote, lakini ilipungua zaidi kwa wale wa bustani, na furaha yao ikarejea kamili, hali furaha ya wasomaji ilizidi kushuka. Mimi, niliye msomaji kwa kazi na kwa maumbile, sikuipokea habari hiyo kwa ukunjufu. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba watu hao 30 walikuwa wapenzi wa bustani tangu zamani, na mpenzi wa kitu hutulizwa na kitu chake. Jaribio hilo halituambii yatakayompata mtu achukiaye matope.

Ushahidi unaonikinaisha zaidi hauko mbali hivyo. Juu ya milima ya Usambara, katika mkoa wa Tanga, iko hospitali ya Lutindi, ambayo tangu mwanzo wa karne ya 20 imekuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili, na huko kulima mboga na kutunza chai kumekuwa sehemu ya matibabu kando ya vidonge na sindano. Hekima yake ni wazi kwa kila aliyewahi kuuguza mtu wa namna hiyo. Mgonjwa wa akili, na hata sisi wengine tunaojihesabu kuwa wazima, huteseka kwa kuzungukwa na nafsi yake mwenyewe: kila fikira humrudisha kwake, kwa aibu yake, kwa hofu yake, kwa dhuluma aliyotendewa. Mche wa bilingani hauna habari ya hayo yote. Unataka maji, na usipoyapata utanyauka mbele ya macho yake kabla ya adhuhuri. Na ukiyapata utainuka. Kwa hiyo mtu aliyekuwa hana la kufanya ila kutunzwa hujikuta ana kitu kinachomtegemea yeye, tena kisichomhukumu, na hapo ndipo penye siri ya jambo hili kwa maoni yangu: bustani humtunza mtu kwa kumtaka atunze.

Sijaona mahali ambapo siri hiyo imedhihirika kuliko katika eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi 4 na siku 10 tangu kufiwa na mumewe, na katika muda huo hatoki nyumbani ila kwa haja, hajipambi, wala hajitii manukato. Dunia yake huwa vyumba na ua. Mjukuu wa bibi mmoja wa Pangani alinisimulia kwamba bibi yake, alipokuwa edani, alishika zamu ya kuumwagilia mwasumini wa uani kila alasiri kwa kata ya kifuu, asimwachie mtu mwingine, ijapokuwa maua yake hakuruhusiwa kuyavaa wala hakuyachuma. Msichana akaona maua yaanguka bure.

"Bibi, si tuwape majirani maua haya?"

"Wape, mjukuu wangu. Maua yake kwa sasa hayanihusu. Maji yake ndiyo yanihusu."

Sina hakika kama mwanasaikolojia angeweza kumwandikia dawa iliyo bora kuliko hiyo. Alikuwa na neno la kufanya kila siku, saa ile ile, kwa ajili ya kitu kilicho hai, bila ya kutazamia kukivaa. Na siku zake za eda, ambazo zingeweza kuwa ukuta mtupu, zikapata vipimo. Bibi huyo huyo alipanda mchicha katika pembe ya pili, na kwa kuwa mchicha huwa tayari kwa kuchumwa katika wiki ya tatu au ya nne, ulikwisha kuliwa na kupandwa tena, na kuliwa tena, kabla eda haijesha. Kwa aliye katika majonzi, anayeona kwamba siku zote ni siku moja, si jambo dogo kuona kwa macho kwamba wakati unakwenda.

Na mchicha ni mmea wa kumpa moyo mwanafunzi. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo mno, ziking'aa, na mtu akizimwaga kwa kiganja peke yake zitaanguka zote mahali pamoja. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kunyunyizwa, zifunikwe kwa udongo haba, na zimwagiliwe kwa mkono mwepesi, kwa maana maji ya ndoo yakimwagwa kwa kishindo yatazichukua mbegu zote pembeni mwa tuta. Mrehani nao una ajabu yake: mbegu ikipata maji huvaa utando mlaini kama ute, na mche ukikua hutaka kukatwa vichwa vya maua mapema, ama sivyo huacha kutoa majani. Samadi na iwe imeoza sawasawa, kwani ile mbichi huunguza mizizi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hutandazwa juu ya udongo ili jua lisiukaushe, jambo lenye manufaa makubwa katika ardhi zetu za kichanga zisizoweka maji. Maji yenyewe hayana haja ya kuwa mengi wala mapya: yaliyooshea mchele yafaa, na mche uliopandwa kando ya mahali pa kutilia udhu hunyweshwa kila swala bila ya mtu kuukumbuka. Vidukari vikiingia chini ya majani ya bamia, maji yaliyorowekwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa huvipunguza. Hayavimalizi, na anayetaka vimalizike kabisa ajue kwamba ameanza kutafuta kitu kingine kisichokuwa bustani.

Vilevile mtu asidharau harufu ya udongo. Ile harufu tuipendayo wote, itokayo ardhini mvua ya kwanza ya vuli inapogusa vumbi, kiini chake ni jiosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria wa udongoni, hususan wale wa jamii ya Streptomyces, na pua ya binadamu huihisi hata ikiwa kidogo mno. Mwenye bustani hahitaji kuingoja vuli. Huipata kila jioni kwa bei ya kopo moja la maji.

Yako mambo ambayo sina budi kuyatahadharisha, maana kila chenye manufaa kina wenye kukiharibu. La kwanza ni maji yaliyotuama. Mwenye kujipatia faraja katika vyungu huku visahani vya chini vimejaa maji safi ya wiki nzima anafuga mbu wa Aedes, ambaye hutaga katika maji machache ya majumbani na kuuma mchana, na Dar es Salaam imekwisha kuonja homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Watu wa Lamu walikuwa na busara ya kufuga visamaki katika mabirika ya nyumba zao ili viwale viluwiluwi. Asiye na visamaki na amwage. La pili ni jua la saa sita, ambalo halina fadhila kwa mtu wala kwa mche. Kazi ya bustani ni ya asubuhi na ya jioni. La tatu, nalo ndilo limewaharibia wengi, ni tamaa ya fahari. Mtu husikia kwamba bustani hutuliza moyo, akatoka siku hiyo hiyo akanunua vyungu ishirini vya maua ya kigeni na mbolea za chupa, akavipiga picha, akavionyesha. Baada ya mwezi nusu vimekufa, na sasa ana huzuni yake ya kwanza na ya pili. Bustani iliyomzidi mtu nguvu humgeuka ikawa ofisi nyingine yenye kudai. Na la mwisho, asitokee mtu akadhani kwamba aliyezama katika sonona, asiyekula, asiyelala, mwenye kuitamani mauti, aambiwe akapande mrehani na aachwe. Huyo apelekwe kwa tabibu, na mrehani umngoje.

Wenye dini hawana haja ya kubembelezwa sana katika habari hii. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba Muislamu akipanda mche, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi mengine, kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Wapo wanaoitaja hadithi hiyo ya pili kwa ajili ya kuhimiza juhudi ya kazi, nao hawakukosea. Mimi hunipendeza kwa sababu haimwambii mtu lolote juu ya mavuno. Aliyefikwa na saa ile hatakula tunda la mche ule, naye ameamrishwa kuufukia mizizi vile vile, kana kwamba tendo lenyewe limekwisha kutosha.

Kwa hiyo, ewe msomaji, usianzie dukani. Kabla masika hayajaingia, nenda kwa jirani mwenye asumini, umpigie hodi, ukae naye kidogo, umwombe kitawi cha urefu wa shubiri moja, kisiwe kichanga sana wala kigumu mno, kilichokatwa chini ya fundo. Ukiondolee majani ya chini, ukichomeke katika kopo la udongo wenye mchanga, ukiweke kivulini, na ukipe maji kidogo kila siku pasipo kuking'oa kutazama kama kimetoa mizizi. Kikishika, mpelekee jirani yako habari. Kisiposhika, kaombe kingine, kwani asumini haipungui kwa kukatwa, na wenye nayo katika miji yetu ni wengi.